Alilolisoma Midomoni

Siku timu ya mpira ya Brackshaw iliposhuka daraja, Selina Rushworth hakwenda uwanjani. Alibaki nyumbani akijitafutia kazi. Alipiga magoti mlangoni akasugua kizingiti kwa jiwe mpaka kikawa cheupe kuliko ilivyohitajika, kisha akaanza upya, na mtaa ulikuwa mtupu hata hapakuwa na jirani wa kumwambia inatosha. Wanaume wote walikuwa kule mwisho wa mtaa, nyuma ya ukuta mrefu wa matofali, na wanawake wengi pia.

Ukiishi karibu na uwanja namna ile huhitaji kuambiwa matokeo. Selina alizaliwa katika nyumba ile, na kelele za uwanjani alizijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kulikuwa na kelele ya goli, na kelele ya goli lililokoswa, na ile ya kumtukana refa. Siku hiyo kipindi cha pili alisikia mguno mmoja mrefu, mguno wa watu waliochoka, kisha kimya. Akaelewa. Ushindi ndio uliotakiwa, hata sare isingewasaidia, na mguno ule haukuwa hata wa sare.

Alijiambia hajali. Lakini mkono ulikuwa umesimama juu ya kizingiti, na kichwani alikuwa akijiuliza kama mpira ule ulipita miguuni mwa Idris, na kama goti lake limemsumbua tena. Mwanamke aliyevishwa pete akairudisha hana haki ya kujiuliza maswali kama hayo. Selina alilijua hilo vizuri sana. Ila moyo haupigiwi king'ora cha kiwanda ukaacha kazi saa ya kuacha.

Idris Prosser alikuwa kiungo wa kushoto wa Brackshaw. Alitoka Wales, kwenye migodi ya makaa, na bado alikuwa na alama ndogo za buluu kwenye paji la uso, makaa yaliyoingia chini ya ngozi yasitoke tena. Alikuja mwaka ule timu ilipopanda ligi daraja la kwanza, mji mzima ukalewa furaha, hata wale wa kanisani ambao hawaonji pombe. Jumapili yake ya kwanza aliingia kanisa la akina Rushworth, akasimama nyuma kabisa, akaimba. Enoch Rushworth, baba yake Selina, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, aligeuka katikati ya wimbo kumtafuta mwenye sauti ile. Tangu siku hiyo Enoch alimpenda Idris kwa mguu wake wa kushoto na kwa koo lake. Alimpenda kwa kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba alimtaka binti yake.

“Mtu anayeuzwa na kununuliwa kama ng'ombe wa mnadani,” alikuwa akisema, “atakuwa mume wa nani? Leo yupo, kesho wamempakia kwenye treni. Na hilo goti likifa, utamlisha wewe?”

Selina akaivaa pete hata hivyo. Enoch alinuna, akaacha kununa, akanuna tena timu ilipofungwa. Mama yake, Bi Zillah, ndiye aliyefurahi. Mama huyu alikuwa kiziwi. Mitambo ya kufuma ilimla masikio kidogo kidogo tangu usichana wake, kama ilivyowala wanawake wengi wa mji ule, na nyumbani kwao watu walizungumza kwa midomo zaidi ya sauti. Kiwandani ndivyo wanavyofanya wote. Kelele ya mitambo haimruhusu mtu kusikia hata jina lake, kwa hiyo wafumaji husema bila sauti, wakiichezesha midomo kwa mapana, na husomana kutoka mwisho huu wa ukumbi mpaka ule. Umbea wote wa Brackshaw ulipita hivyo. Zillah ndiye aliyekuwa bingwa wao, na Selina, mfumaji naye, ndiye mwanafunzi wake.

Na hicho ndicho kilichomponza.

Ilikuwa Januari, Jumamosi ya baridi kali yenye jua jeupe, nyasi zimeganda. Selina na baba yake walisimama mahali pao pa siku zote, wameegemea vyuma, ng'ambo ya jukwaa la wakubwa. Mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba klabu moja ya London inamtaka Idris. Katikati ya mchezo akaumia, akatoka nje ya mstari ili mzee Tattersall, mtunza wachezaji, ambandike sponji ya maji baridi kwenye goti. Bwana Illingworth, mmoja wa wakurugenzi wa klabu, akainama kutoka jukwaani akamwambia jambo. Selina hakuuona mdomo wa Bwana Illingworth. Ila Idris alikuwa ameelekea upande wa Selina, na jua lilimpiga usoni, na Selina akamsoma akijibu: Selina? Nitamwacha.

Kisha akarudi uwanjani akichechemea, na watu wakampigia makofi.

Selina hakumwambia mtu. Mfumaji hashuku macho yake, kwani siku atakayoanza kuyashuku ndiyo siku atakayopoteza kidole. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimpa Idris pete ile ndani ya leso. Idris aliuliza kulikoni. Selina akamwambia, “Unajua mwenyewe,” akashika njia. Idris hakujua lolote, akafanya anachofanya kila mtu asiyejua, akabuni. Alidhani mzee ameshinda. Alikuwa na kiburi chake naye, kiburi cha watu wa mgodini, hakurudi kuuliza mara ya pili.

Kuanzia hapo msimu ukawa mzigo. Brackshaw walifungwa kwenye barafu, wakafungwa kwenye tope, wakatoka sare na timu ambazo mwaka wa nyuma walizicheka. Wachezaji waliingia uwanjani wamefungwa bendeji kama watu waliotoka kuokolewa kwenye ajali. Selina alikwenda mara chache, baadaye akaacha. Hakuweza kumtazama Idris akikimbia mabega yakiwa yamelegea. Kila akitazama, macho yalikwenda yenyewe kwenye midomo.

Sasa wanaume walianza kurudi kutoka uwanjani, wakipita mtaani bila maneno, kila mmoja akitazama viatu vyake. Enoch alifika, akakanyaga kizingiti kilichosuguliwa mara mbili kana kwamba hakukiona, akaingia, akavua kofia. Selina alimwekea utumbo na vitunguu na chai nzito. Mzee alikula kama mtu anayetekeleza wajibu. Mkewe alimtazama mdomo akingoja.

“Mbili moja,” Enoch akasema hatimaye, akiipanua midomo ili mkewe aone. “Tumekwisha. Mwakani tutacheza na vijiji.”

Baadaye, akiwa na kikombe mkononi, akaongeza jambo bila kumwangalia binti yake. Alisema Prosser ndiye peke yake aliyekimbia mpaka mwisho. Goti limevimba kama kabichi, na bado alikimbia. Wengine kichwani mwao walikuwa wamekwisha kuacha mchezo na kwenda kuoga.

Selina alikuwa akikusanya sahani hodi ilipopigwa. Enoch ndiye aliyekwenda kufungua. Akasimama pale mlangoni muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayepokea jirani, na Selina akamfahamu mgeni kabla ya kusikia sauti.

“Nimekuja kuaga, mzee,” Idris akasema.

Alikuwa amevaa suti yake ya Jumapili, nywele mbichi bado, kofia mikononi. Alisema ametoka sasa hivi ofisini kwa Bwana Illingworth. Klabu ya London imerudi, safari hii amekubali, ametia sahihi. Ataondoka Jumatatu kwa treni ya asubuhi, na hakupenda kuondoka kama mwizi kwenye nyumba aliyokula chakula chake. Enoch aliguna. Anaweza kuwa mgumu, lakini si mtu wa kumwacha mgeni barabarani, hasa mgeni aliyemwona akikimbia na goti lile. Akamwambia apite.

Hapo Selina akaona kitu ambacho baadaye hakuweza kukisahau. Idris alikitazama kizingiti, cheupe, na alama mbili za viatu vya Enoch juu yake. Akauinua ule mguu mbovu, akauma meno, akakivuka kizingiti chote kwa hatua moja ndefu asikichafue. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Selina akageukia jiko akajifanya anaangalia birika.

Zillah alimshika mgeni mkono kwa mikono yake miwili, akamkalisha karibu na moto. Kwa muda walizungumza mpira. Enoch aliuliza kuhusu goli la pili, Idris akaeleza kwa sauti ya chini nani alikuwa wapi, wote wawili wakatikisa vichwa kama watu kwenye matanga. Selina alimmiminia chai. Vidole vyao havikugusana, alihakikisha. Lakini alimtazama, na akaona amekonda, na chini ya macho kulikuwa na weusi ambao hautoki kwa kulala usiku mmoja.

Idris akaweka kikombe chini.

“Nina swali moja,” akasema. “Nalisema mbele yako, mzee, kwa sababu linakuhusu. Mwezi wa Januari, ni wewe uliyemwambia arudishe pete?”

“Mimi?” Enoch akashangaa kwa dhati. “Mimi nimemkataza tangu siku ya kwanza, hakunisikiliza hata siku moja. Aliporudisha sikuuliza. Nilidhani Mungu amenijibu, na Mungu akijibu humuulizi kwa nini.”

Idris akamgeukia Selina polepole.

“Basi ni wewe.”

“Usijifanye hujui, Idris.”

“Selina, mimi nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Sina nguvu za kujifanya. Niambie tu.”

Selina akaweka sahani mezani. Hakutaka kulia mbele ya baba yake, kwa hiyo alisema haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Alisema alikuwa pale. Alisema alimwona akiwa na sponji gotini na Bwana Illingworth ameinama. Alimsoma.

“Ulisema, nitamwacha. Jina langu ulilitaja kwanza, kisha ukasema utaniacha. Niliona kwa macho yangu mawili.”

Idris alimtazama mdomo wazi kidogo, kama mchezaji aliyepigiwa filimbi asijue kosa lake. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

“Illingworth aliniambia London wananitaka wiki ileile,” akasema taratibu. “Akaniambia nisihuzunike juu ya msichana wangu, London wasichana wamejaa. Nikamwambia, Selina? Sitamwacha. Sitamwacha, Selina. Kamuulize mzee Tattersall, alikuwepo. Alicheka mpaka sponji ikamdondoka.”

Selina alisikia maneno hayo lakini hayakuingia. Alishika ukingo wa meza. Aliona tena jua lile jeupe, na midomo ile iliyokakamaa kwa baridi, na mwanzo wa lile neno, ulimi ukigusa nyuma ya meno. Nita. Sita. Alijaribu kulisema kimoyomoyo, midomo ikicheza.

“Macho yangu hayakosei,” akasema, lakini hakuwa na uhakika tena, na kila mtu alisikia hivyo.

Zillah akagonga meza kwa kijiko. Alikuwa amewafuata wote watatu kwa macho, kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, na sasa alitaka kuelezwa vizuri. Walisimama umbali gani? Kulikuwa na jua au mawingu? Huyu kijana mdomo ulikuwa umepoa? Selina alimjibu kwa midomo. Zillah akafikiri kidogo, kisha akamwonyesha Idris mlango wa nyuma. Atoke. Aende mwisho wa ua, kule kwenye kibanda cha makaa, na hata huko arudi nyuma kadiri ukuta utakavyomruhusu. Ayaseme maneno yote mawili, moja baada ya jingine, bila sauti.

“Mama, amechoka,” Selina akasema.

“Na aende akiwa amechoka hivyohivyo,” Zillah akajibu. “Siku ile alikuwa mzima?”

Basi kiungo wa kushoto wa Brackshaw, ambaye watu wa London walikuwa wametoa mali kumpata, akatoka akichechemea mpaka kwenye kibanda cha makaa, akaegemea ukuta katikati ya beseni na kamba ya nguo, akasema maneno mawili kimyakimya kwa mwanamke kiziwi aliyesimama mlangoni ameshika kiuno. Enoch alitazama juu ya bega la mkewe. Selina hakuweza kutazama. Zillah akamwashiria Idris arudie. Kisha mara nyingine. Mwishowe akarudi ndani, akakaa, na akamshika binti yake kidevu ili amtazame vizuri.

“Hayo maneno ni mapacha,” akasema. “Halafu watu wa kwao wanasema kama waliobana pipi shavuni. Hata mimi ningelisoma hivyohivyo, mwanangu. Ila mimi ningeuliza.”

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja Selina. Angevumilia kuambiwa mjinga. Machozi aliyokuwa akiyazuia tangu Januari yakamtoka, na Enoch akageuka kutazama dirisha.

Idris alikuwa amerudi, amesimama mlangoni kwa mguu mmoja.

“Mbona hukuniuliza?” akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu. “Swali moja tu, Selina. Kuuliza si ujinga. Kila Jumapili nilikuwa benchi la nyuma yako. Nilikuwa nakutazama kisogo mpaka nikajua nywele zako zinavyoota.”

“Niliogopa ungesema ndiyo.”

“Ningesema ndiyo kwa nini?”

“Kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema utafanya.” Alijifuta macho kwa aproni. “Baba alisema. Kiwandani walisema. Mpira huja na kuondoka, wachezaji huja na kuondoka. Nilikuwa nikilingoja neno hilo tangu siku uliyonivisha pete. Lilipokuja nikalitambua, kumbe silo.”

Idris akatikisa kichwa. Akakaa tena kitini kwa sababu goti lilimlazimu. Enoch ndiye aliyefuata kusema, bado ameangalia dirisha. Alisema Januari timu ilikuwa ya kumi na mbili. Alisema Januari mtu huyu alikuwa akicheza kama ana watu wawili ndani yake, na Februari akabaki nusu.

“Timu yangu imeshuka daraja,” akasema, “kwa sababu ya herufi moja. Na ya binti yangu mwenyewe. Nikifa msiandike hilo kwenye kaburi langu.”

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Selina alimuuliza Idris kama hawezi kurudi kwa Bwana Illingworth, kama haiwezekani kulifuta jina lake. Idris akasema haiwezekani. Karatasi ilikuwa imekwisha kwenda posta, na hata isingekwenda, Brackshaw hawana tena cha kumfanyia mchezaji wa daraja la kwanza mwenye goti la mzee. Maji yakimwagika hayazoleki. Alisema hivyo kwa utulivu, akizungusha kofia yake magotini, na utulivu ule ndio uliomtisha Selina.

Zillah akasema kwa midomo, akimlenga binti yake peke yake, kwamba treni ina behewa zaidi ya moja.

“Na wewe je?” Selina akamjibu. “Nani atakusemea dukani? Nani atakusomea mchungaji, na ndevu zake zile?”

“Dukani nilikuwa nikienda kabla hujazaliwa. Na mchungaji hajasema jipya tangu vita viishe.”

“Zillah,” Enoch akasema.

“Zillah nini? Wewe uliogopa atauzwa. Ameshauzwa. Sasa unangoja nini kingine?”

Enoch akaondoka dirishani. Alikuwa mtu aliyeshindwa mara mbili siku moja, na umri wake haukuwa wa kushindwa mara mbili. Alikaa kwenye kiti chake akakunja mikono. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba London ni mbali, na watu wa kule hawamsalimii mtu wasiyemjua. Selina alielewa. Ndiyo ilikuwa namna ya baba yake ya kusema atamkosa.

Idris akasimama. Akamshukuru Enoch kwa chai, akamwinamia Zillah, akamwambia polepole kwa mdomo mpana, kama alivyojifunza nyumbani humu, kwamba hatamsahau. Kisha akasimama mbele ya Selina, karibu kiasi kwamba alinusa sabuni ya bafu la uwanjani na ile dawa kali ya misuli.

“Sikiliza,” akasema. “Siku nyingine ningekuomba twende wote. Ningepiga magoti. Leo goti halikunjiki, na moyo nao umechoka kuombaomba. Niliomba mara moja ukakubali, ukarudisha. Sikulaumu tena, nimeelewa. Lakini safari hii mimi siombi. Ukiitaka pete, wewe ndiye utakayesema.”

“Idris...”

“Usiseme sasa kwa sababu unalia. Lala kwanza.”

Akavaa kofia. Mlangoni akakivuka tena kile kizingiti, kwa shida kubwa kuliko mara ya kwanza, akashika njia kuelekea chini.

Selina alibaki amesimama katikati ya chumba. Aliwaza London, ambayo hakuwahi kuiona, na mitambo yake minne ambayo Jumatatu atapewa msichana mwingine, na mama yake akitoka dukani na chenji pungufu. Aliwaza kulala kwanza. Alikuwa amelala tangu Januari, akiamka kila asubuhi kwa uchovu uleule, na hakuna asubuhi hata moja iliyomfundisha kitu. Akatambua kwamba amechoka pia, amechoka kuwa na hakika. Miguu ikampeleka mlangoni kabla hajaiamuru.

Mtaa ulikuwa umejaa. Jua lilikuwa bado lipo, na watu walikuwa wametoa viti nje, wanaume wakivuta mitemba bila neno, wanawake wameegemea milango yao wameshika viwiko. Ilikuwa kama msibani, ila bila maiti. Wote walikuwa wamemwona Prosser akiingia na wote walimwona akitoka, sasa wote walimtazama Selina.

Idris alikuwa amefika kwenye kona. Akageuka, mara moja tu, kama mtu anayejikataza akashindwa.

Selina akafungua kinywa. Hakuwahi katika maisha yake kusema jambo la moyo kwa sauti mbele ya mtaa. Hakuna mfumaji anayefanya hivyo, ndiyo maana midomo ipo. Basi akasema alivyozoea, kimya, kwa midomo mipana, kila silabi wazi kama kengele: Nitakwenda nawe.

Mlango kwa mlango, kutoka juu mpaka chini, wanawake wa mtaa ule wakashusha pumzi. Walikuwa wafumaji wote. Mmoja akamfinya mumewe. Mwingine akafunika mdomo. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kupata habari, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kwenye kona amekunja uso, mtoto wa mgodini, na mgodini hakuna mwanga wa kusomea midomo ya mtu. Akatikisa kichwa. Akaweka mkono sikioni.

“Anasema hivi!” Bibi Duckworth wa nyumba ya mbele akapaza sauti, akijifunga shali tayari kwa kazi. “Wewe kijana, anasema kwamba...”

“Nyamaza, Bibi Duckworth,” Selina akasema. “Nitasema mwenyewe.”

Sauti yake ilitoka mbaya, yenye mikwaruzo, na kubwa kuliko alivyokusudia. Ilifika kwenye kona, ikapita, ikarudi kutoka ukuta wa uwanja.

“Nitakwenda nawe, Idris. Jumatatu. Nimesema nitakwenda. Umenisikia, au nirudie?”

Idris alishika ukuta wa kona. Kisha akajishusha taratibu, ule mguu mbovu ameunyoosha mbele, akakaa kwenye ukingo wa barabara na suti yake ya Jumapili, kofia ikamteleza.

“Nimekusikia,” akasema, naye kwa sauti, mtaa ukisikiliza. “Lakini njoo huku uniambie kwa karibu. Mimi kutembea kwangu kumeisha.”

Selina akavua aproni, akampa mama yake aliyekuwa nyuma yake, akaanza kushuka.